Shajara ya Mradi: Mashine ya Shangazi Inayogoma Kukamua

Ijumaa jioni

Mashine imeshushwa kutoka kwenye kirikuu na sasa iko kibarazani. Ni ile aina ya mapipa mawili iliyojaa mtaani: kushoto unafulia, kulia unakamulia, kila upande una mota yake na taima yake ya kuzungusha kwa mkono. Haina kompyuta wala kioo cha kukusomea namba za makosa. Naipenda kwa sababu hiyo. Ikikataa, inakataa mbele ya macho yako.

Malalamiko, kama shangazi alivyoyatoa kwenye simu baada ya shikamoo na habari za nyumbani: upande wa kufulia hauna neno. Upande wa kukamulia unanguruma tu, pipa halizunguki, na ukiuacha hivyo kidogo unaanza kutoa harufu ya kuungua. Zamani ilikuwa inagoma jioni, asubuhi inakubali. Siku hizi inagoma saa zote. Fundi alibadilisha kapasita, kile kifaa kinachoisaidia mota kuanza kuzunguka, mashine ikapona. Ikarudi kugoma, ikabadilishwa tena kapasita, ikapona, na sasa ndiyo hivyo.

Mambo mawili nimeyaandika kwa kalamu nyekundu. La kwanza ni hilo la asubuhi na jioni. Mume wake analicheka, lakini mashine haijui saa, kwa hiyo kuna kitu kinachobadilika jua likizama. La pili ni kapasita kufa mfululizo. Kapasita ya mota ni kifaa cha kukaa miaka. Ikifa mara kwa mara, ama unauziwa mbovu, ama haikufa.

Jumamosi asubuhi

Kabla ya bisibisi, kufikiri kidogo.

Mota ya kukamulia ni ya induksheni, umeme wa awamu moja. Ndani ina koili mbili: kuu na saidizi. Kapasita imeungwa kwenye ile saidizi ili mkondo wake utangulie mkondo wa koili kuu, na huko kupishana ndiko kunakoufanya ugasumaku, yaani nguvu ya sumaku inayozizunguka koili, uzunguke na kuivuta rota (sehemu ya mota inayozunguka) pamoja nao. Kapasita ikifa, ugasumaku unapiga huku na huku bila kuzunguka, mota inanguruma mahali pamoja. Ndiyo maana fundi akisikia mngurumo, mkono unakwenda kwenye kapasita kabla hajauliza mashine ni ya nani.

Tatizo ni kwamba mota yenye kapasita nzima, lakini iliyobanwa na kitu, nayo inanguruma vilevile. Sikio halitofautishi. Mkono ndio unaotofautisha.

Na mngurumo wenyewe umeshanipunguzia kazi. Kama mota inanguruma, basi umeme unaifikia: plagi nzima, fyuzi nzima, taima inapitisha, swichi ya mfuniko inapitisha. Ingekuwa kimya kabisa ningeanzia huko, hasa kwenye swichi ya mfuniko, maana visahani vyake hupata kutu na kukataa kugusana. Leo siigusi.

Nimeanza na vya bure. Bomba la kutolea maji: nimelilaza chini na kumimina jagi la maji kwenye pipa la kukamulia. Yametoka yote bila kusita. Hili watu hulidharau, lakini bomba likiinuliwa au likiziba, maji hubaki kati ya pipa la ndani na la nje, na pipa la ndani linalazimika kuogelea. Halafu tochi, kuchungulia kwenye ule mwanya wa pipa la ndani na la nje. Soksi ya mtoto ikidumbukia pale inatosha kusimamisha mota. Nimepata pini ya hijabu na uzi uliojiviringisha, nimevitoa kwa waya. Havikuwa vimebana chochote.

Sasa mkono. Plagi iko nje ya soketi. Mfuniko ukiwa wazi pipa halizunguki, na halitakiwi kuzunguka: hapo breki imeshika. Wengi huzungusha mfuniko ukiwa wazi, wanaona pipa gumu, wanatangaza mota imekufa. Nimesukuma kwa kidole kile kiwashio kinachobonyezwa na mfuniko ili breki iachie, kisha nikazungusha pipa kwa mkono mwingine.

Linazunguka kwa shida. Si gumu la kukwama, ila lina ukavu, na kila mzunguko kuna mahali linakwaruza, kama kutafuna wali wenye mchanga. Ukilisukuma kwa nguvu na kuliachia, linasimama kabla ya kumaliza hata mzunguko mmoja. Pipa zima, tupu, linatakiwa liendelee kidogo kwa uzito wake.

Kwa hiyo kuna kitu kinabana. Mpaka hapa sijagusa mita.

Jumamosi mchana

Nimefungua kifuniko cha nyuma. Skrubu zote zina kutu isipokuwa mbili, na hizo mbili ndizo zilizo jirani na kapasita. Fundi aliyepita alifungua pembe ile tu, akakunja plastiki, akapenyeza mkono. Ambacho hakukiona ndicho hiki.

Juu ya mota ya kukamulia, kuanzia kwenye shafti kushuka ubavuni, kuna michirizi myeupe. Ni chumvi. Shangazi anatumia maji ya kisima, na visima vingi vya Dar vilivyo karibu na pwani vina chumvi ya kuionja kwa ulimi. Maji yamekuwa yakishuka kwenye shafti, yanatua kwenye kichwa cha mota, yanakauka, yanaacha chumvi. Chini ya weupe kuna kutu ya rangi ya udongo, imezunguka mahali shafti inapoingia kwenye mota. Mahali hapo ndipo inapokaa beringi ya juu.

Maji hayatakiwi kufika hapo. Shafti ya pipa inapita kwenye sakafu ya pipa la nje, na penye tundu hilo kuna sili ya mpira yenye mikunjo inayoyazuia maji yasifuate shafti. Nimeigusa kwa chini: mpira umekakamaa, na mdomo wake umepasuka upande mmoja.

Halafu breki. Kati ya pipa na mota kuna kiungo cha chuma cha duara. Hicho ndicho kinachobanwa na kipande cha breki. Springi inakivuta kipande hicho kibane muda wote, na ukifunga mfuniko, waya unakivuta kiachie. Nimemwomba kijana wa jirani afunge na kufungua mfuniko huku mimi nachungulia kwa chini. Kipande kinaachia, lakini kwa unene wa karatasi tu, na upande mmoja hakiachii kabisa. Waya umelegea. Pembeni mwa kiungo kuna unga mweusi wa mpira wa breki.

Wabanaji wawili, basi. Swali ni yupi mkubwa, na jibu lake halipatikani kwa kuangalia.

Jumapili

Leo ni siku ya kutenganisha kimoja kimoja. Hii ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo wengi wanaoiruka kwa sababu haionekani kama kazi.

Kwanza nimeifunga breki kwa kamba ikae mbali kabisa na kiungo. Nikazungusha pipa: limepungua ugumu kidogo, lakini mkwaruzo uko palepale. Breki ina makosa, ila siyo mkosaji mkuu.

Pili nimelegeza bolti za kiungo na nati zake za kukazia, nikanyanyua pipa shafti yake ikatoka. Sasa pipa lina maisha yake na mota ina maisha yake. Nimezungusha shafti ya mota kwa vidole viwili. Ule wali wenye mchanga uko hapa. Nimeishika shafti na kuitikisa kushoto kulia: inacheza. Beringi nzima haichezi.

Ndipo nikaingia kwenye umeme. Kapasita nimeimaliza chaji kwanza kwa kuunganisha ncha zake kupitia rezista. Kugusanisha ncha kwa bisibisi kunafanya kazi, cheche zinaruka, watoto wanafurahi, ila sioni sababu. Imeandikwa mikrofaradi 5, volti 450, tofauti asilimia 5. Mita inasoma 4.9. Nzima.

Koili: waya tatu zinatoka kwenye mota, nimepima kila jozi. Omu 78, 121 na 199. Ile kubwa ni jumla ya zile ndogo mbili, kwa hiyo ile kubwa inapitia koili zote mbili, na waya usiokuwemo kwenye kipimo hicho ndio waya wa pamoja. Hesabu inakubali, koili hazijakatika wala hazijaungana. Kutoka koili kwenda kwenye bodi ya mota, mita haioni njia. Vanishi iliyopakwa kwenye koili imegeuka kahawia upande mmoja, hiyo ndiyo harufu aliyoisikia shangazi, lakini haijawa nyeusi na haipukutiki. Mota iliyobanwa inakula mkondo mkubwa bila kuzunguka, na yote hayo yanageuka joto. Angeiacha ingurume kwa dakika kadhaa kila siku, leo tungekuwa tunazungumza habari ya kununua mota.

Jioni binamu kapita, kaniletea kapasita ya zamani. Shangazi hatupi kitu. Ilikuwa kwenye droo ya vijiko. Ni ile iliyotolewa ikaambiwa imekufa. Nimeipima: 4.8. Kwa asilimia 5 inaruhusiwa kushuka mpaka 4.75. Ilihukumiwa bila kesi.

Sasa mbona mashine ilikuwa inapona kila ikibadilishwa? Nadhani ninaelewa. Fundi anaweka kapasita, anazungusha pipa kwa mkono mara kadhaa kuona kama liko huru, kutu inalegea, anawasha. Pipa ni tupu. Linazunguka. Anapokea hela yake. Shangazi anaendelea kukamua vitu vidogovidogo, mpaka siku anapoweka mashuka mawili yenye maji, na mashine inarudi kwenye mngurumo wake. Hakuna aliyedanganya. Jaribio tu lilikuwa la pipa tupu, na pipa tupu halimjui mtu.

Jumatatu

Kazini. Mota imeshinda juani juu ya bati ili unyevu utoke kwenye koili.

Jumanne

Nimeifungua mota. Kabla ya kulegeza bolti ndefu zinazobana vifuniko viwili, nimechora mstari kwa kalamu kutoka kifuniko cha juu, kupita bodi, mpaka cha chini. Vifuniko vikirudi vimegeuka, shafti haikai katikati na unajitafutia ugonjwa mpya.

Beringi ya juu imetoka kwa pula ikilia. Ngao yake ya bati imeliwa na kutu, grisi imegeuka matope mekundu. Ya chini inazunguka vizuri, lakini nabadilisha zote mbili. Kufungua mota mara mbili kwa ajili ya beringi moja ni kujitafutia adhabu. Ubavuni zimeandikwa 6201: tundu milimita 12, upana wa nje 32, unene 10. Namba hiyo ndiyo unayoitaja dukani. Ukitaja jina la mashine utazungushwa mpaka uchoke.

Baada ya kazi nikapanda daladala mpaka Kariakoo. Beringi nimezitaka zenye mpira pande zote mbili, zile zilizoandikwa 2RS. Muuzaji kanipa za bati, ZZ, akasema ni zilezile. Kipimo ni kilekile, kweli, lakini bati linazuia vumbi tu, na shida yangu mimi ni maji. Ikabidi aingie ndani akazitafute. Sili nilikwenda na ile iliyopasuka mfukoni, na nilifanya vizuri: kulikuwa na aina kama tano zinazofanana kwa macho, tofauti ya milimita moja au mbili kwenye tundu la shafti. Ya kupwaya itavuja, ya kubana itakuwa breki nyingine. Vyote pamoja havikufikia bei ya zile kapasita mbili na ufundi wake.

Jumatano usiku

Shafti ya pipa ilikuwa na mstari wa kutu pale mdomo wa sili unapokaa. Nimeisugua kwa msasa laini wa maji, kwa kuzunguka, si kwa kupanda na kushuka, maana mkwaruzo unaofuata urefu wa shafti ni mfereji wa maji. Kucha ikipita bila kukwama, inatosha.

Beringi mpya zimeingia kwenye shafti kwa kipande cha bomba la chuma kinachokaa kwenye duara la ndani tu. Ukigonga duara la nje ili la ndani liingie, nguvu yote inapita kwenye gololi, na utasikia mlio wake kabla ya mwezi kuisha. Mstari wa kalamu ukakutana, bolti nikazikaza kwa kupokezana, huku nikizungusha shafti baada ya kila mkazo. Sasa inazunguka kimya.

Sili nimeibandika kwenye tundu lake, nikamimina maji kwenye pipa la nje na kuweka gazeti kavu chini. Nikaenda kula. Niliporudi gazeti lilikuwa kavu.

Waya wa breki una ndoano inayoingia kwenye tundu, na lipo tundu jingine mbele yake, watengenezaji walishajua kwamba waya utalegea. Nimeusogeza. Sasa mfuniko ukifungwa, kipande kinaachia pande zote mbili na nauona mwanga katikati. Ukifunguliwa kinabana sawasawa. Breki hii si pambo. Pipa linakwenda karibu mizunguko 1,400 kwa dakika, kwa sababu mota ya nguzo nne za sumaku kwenye umeme wa hezi 50 haiwezi kupita 1,500, na kwa pipa lenye nusu kipenyo cha sentimita 12 nguo inasukumwa ukutani kwa nguvu inayozidi mara 250 ya uzito wake. Mtoto asiingize mkono humo likiwa bado linakwenda.

Hesabu hiyohiyo inaeleza kwa nini nguo za shangazi zilianza kutoka na maji hata zile siku mashine ilipokubali kuzunguka. Nguvu hiyo inafuata mraba wa kasi. Kasi ikishuka nusu, nguvu ya kukamua inabaki robo.

Alhamisi

Nimeiwasha. Tupu: imeshika kasi mara moja. Hilo halinifurahishi bado.

Taulo mbili na blanketi dogo, zote zimelowa, zimepangwa kuzunguka ukuta wa pipa na kile kifuniko cha ndani cha plastiki kimekandamizwa juu yake. Imetikisika kidogo mwanzoni, ikatulia, maji yakatoka kwenye bomba kwa kishindo. Nimefungua mfuniko katikati: breki imeshika, pipa limesimama upesi. Nikafunga, ikaanza tena na mzigo wote. Hapo ndipo nilipofurahi.

Nimerudia mpaka mota ikapata joto la kawaida, la kuweka kiganja bila kukiondoa. Gazeti la chini bado kavu.

Jumamosi, kwa shangazi

Nimeirudisha kwake kwa makusudi jioni. Shangazi alitaka nije asubuhi, nikamwambia asubuhi haina ushahidi.

Saa moja usiku, majirani wamewasha kila walichonacho, nimeweka mita kwenye soketi: volti 190 na kitu, inapanda na kushuka. Umeme wetu unatakiwa uwe 230. Nguvu ya kuzungusha ya mota ya aina hii inafuata mraba wa volti: 190 ukiigawa kwa 230, halafu ukaizidisha jibu kwa lenyewe, unapata 0.68. Karibu theluthi ya nguvu ya kuanzia haipo. Asubuhi mota ilikuwa na nguvu ya kuishinda beringi yenye kutu, jioni haikuwa nayo. Kutu ilipozidi, hata asubuhi ikashindwa. Nimemweleza mume wake hivyo, akasema na yeye alijua tu kwamba ni umeme. Sawa.

Kwa volti hizohizo 190, na mashuka mawili yaliyolowa, mashine imeanza. Inachukua muda zaidi kushika kasi kuliko kwangu, lakini inashika. Nimemshauri shangazi kazi nzito aifanye asubuhi. Stabilaiza ni jambo jema, ila si ya haraka sasa hivi. Alichokikataa ni habari ya blanketi kubwa. Nimemwambia likilowa linakuwa upande mmoja, pipa linayumba, sili inachanika upya. Akanijibu kwamba amekamua mablanketi tangu sijazaliwa. Kwa mkono, shangazi, kwa mkono.

Nimeacha maelekezo mawili. Akisikia mngurumo bila mzunguko, azime papo hapo, asisubiri iamue. Na kila mwisho wa kufua apitishe ndoo ya maji baridi yasiyo na chumvi, ya mvua yakiwepo, kwenye pipa la kukamulia.

Kilichobaki: mota inakaa juu ya springi tatu zenye mipira ndani, na mpira mmoja umeliwa upande. Hauzuii mashine kufanya kazi, ila ndio unaoitikisa pale mwanzoni. Sikuupata Kariakoo peke yake, wanauza seti nzima. Binamu anasema kuna jamaa Mbagala anayenunua mashine zilizokufa na kuzivunja. Jumamosi ijayo nitapita kwake, na nikiwa pale nitaangalia kama ana taima ya upande wa kufulia, maana hii ya shangazi imeanza kuruka dakika.